Doti Nyekundu ya Mama Fundi

Mara ya kwanza nilipomnunulia chai, Mama Fundi aliipima. Alitumbukiza kwenye kikombe kile kipimajoto chake cha waya, akasoma namba, akatikisa kichwa na kumrudishia muuzaji. "Hii imechemshwa jana, leo imepashwa tu," alisema. Muuzaji akaapa, akataja mpaka majina ya watoto wake. Mama Fundi akamtazama tu hadi yule bwana akabeba kikombe chake kwenda kuchemsha nyingine. Mpaka leo sijui kipimajoto kiliwezaje kumpa habari za jana, lakini nyingine ilipokuja ilikuwa chai kweli, yenye tangawizi ya kukuwasha masikio.

Huyo ndiye Mama Fundi wa Mlandege, Iringa. Sitasumbuka kueleza alizaliwa wapi wala ni wa nani. Watu wa pale walisema asili yake ni pwani. Yeye akiulizwa alijibu kwa Kihehe, na mwulizaji akachanganyikiwa akaacha. Nilichokijua mimi ni kibanda chake cha mlango mmoja na nusu, meza iliyoungua madoa meusi kila mahali, mwanamke mfupi mwenye khanga mbili na miwani iliyofungwa uzi, na mlima wa sabufa, inveta za kugeuza umeme wa betri na mashine za kuchomelea zikisubiri zamu. Mimi ninauza spea za vifaa vya umeme Ilomba, Mbeya. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipanda basi la asubuhi kwenda kwake na begi la transista, na kila nilipofika Mafinga kwenye ukungu moyo ulikuwa umeshaanza kunidunda, kama mwanafunzi anayekwenda kuangalia matokeo.

Maana alikuwa na kipimo. Jamani, kile kipimo! Ni kidude cha bei ya chini kabisa, kinachouzwa bila hata kasha: kioo kidogo, kitufe kimoja, na soketi yenye mkono wa kubana. Yeye alikuwa amekipachika ndani ya kisahani cha sabuni cha rangi ya waridi. Unaingiza miguu mitatu ya transista, unabana, unabonyeza, na kabla hujameza mate kioo kinakuchorea picha: hii ni ya aina gani, mguu upi ni upi, inakuza umeme mara ngapi, geti lake, yaani mguu wa kuiwashia, linabeba chaji kiasi gani. Nilipokiona kikifanya kazi mara ya kwanza nilipiga kelele dukani kwa watu. Miaka yote nilikuwa nikiuza vitu vyeusi vyenye miguu mitatu kwa kuamini maandishi ya mgongoni, na hapa kumbe kuna kitu kinachoweza kuviuliza vyenyewe.

"Usishangilie," aliniambia. "Kinasema kinachokijua. Hakijui yote."

Hilo ndilo lililomtofautisha na mafundi wengine waliokuja kununua vipimo kama hivyo baadaye. Wao wakiona kioo kimeandika vizuri, basi, wanafunga kazi. Yeye alijua kwamba huko transista zinakotoka kuna watu ambao huchukua ile dhaifu, huikwangua maandishi, huipaka weusi mpya na kuiandika jina la ile yenye nguvu. Ukiiweka kwenye kipimo itakujibu kwa adabu kabisa kwamba ni transista nzima. Ni nzima kweli, ila haina nguvu ya kazi unayoipeleka. Kipimo kinaipa umeme kidogo wa betri; kule kwenye inveta inakwenda kukutana na umeme wa kuua ng'ombe.

Kwa hiyo alisoma ile namba ya geti ambayo wengine waliipuuza. Alikuwa nazo kichwani zote: hii ya inveta geti lake lazima libebe kiasi hiki, likibeba nusu, ujue ndani kuna punje ndogo. Nilipobisha alichukua koleo akavunja mbili mbele yangu, moja aliyoiamini na moja kutoka begi langu. Ndani ya ile ya kwanza kulikuwa na kipande kinachong'aa, kikubwa kama kucha ya mtoto mchanga. Ndani ya yangu kulikuwa na kitu kama punje ya ulezi. Zote mbili mgongoni zimeandikwa jina moja. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, maana begi zima lilikuwa la hizo.

Halafu kulikuwa na mambo ya saluni. Mezani kwake, kati ya lehemu na nyaya, utakuta chupa ya asetoni ya kufutia rangi ya kucha na kichupa cha rangi yenyewe, nyekundu ya kuwaka. Wageni walidhani anapaka watu kucha. Asetoni ilikuwa ya kufuta migongo ya transista kwa pamba: weusi ukitoka, au herufi zikiyeyuka, hiyo imevalishwa. Na ile rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa muhuri wake. Transista iliyopita mikononi mwake, ikafutwa, ikapimwa, geti likasomwa, aliitia doti moja nyekundu pembeni, juu ya mguu wa kwanza. Yeye mwenyewe kucha zake hazikuwahi kuona rangi, kwa sababu ya udhu. Alipaka hina tu siku za sikukuu. Lakini doti yake nyekundu ilijulikana kwa mafundi kuanzia Iringa mpaka Mbalizi. Walikuwa wakiingia dukani kwangu na kusema neno moja: "Yenye doti."

Alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje. Kila asubuhi, kabla ya kupima kitu cha mtu, alikipima kwanza kipimo. Alikuwa na transista moja kubwa ya zamani aliyoiita shahidi, aliyoitoa kwenye amplifaya ya marehemu mumewe, na alizijua namba zake kama anavyojua namba ya simu yake. Shahidi akisema sawasawa, kazi inaanza. Shahidi akisema vingine, kipimo kinabadilishwa betri na wateja wanasubiri nje kwenye baridi. Sheria ya pili: hakuna kitu kilichotengenezwa kinachochomekwa moja kwa moja ukutani. Alikuwa na balbu kubwa ya zamani aliyoiunga kwenye waya, na kila kitu kilipitia kwenye ile balbu kwanza. Ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imekuokoa. Nilimwona akipitisha kwenye balbu hata pasi mpya ya jirani iliyotoka dukani siku hiyohiyo.

"Mama, hii ina waranti," jirani alilalamika.

"Waranti haizimi moto," alijibu, na akapitisha.

Usidhani alikuwa hakosei. Kipimo chake cha kwanza alikiua mwenyewe. Aliingiza kapasita ya mashine ya kuchomelea bila kuimaliza chaji, kosa analolijua hata mtu wa juzi, na kidude kikatoa mlio mdogo na harufu. Alikifunga kwenye kitambaa cheupe akakiweka kwenye droo, na kila aliyekuja kujifunza kwake alianza kwa kufunguliwa droo ile. "Huyu nilimuua mimi," alisema, "kwa haraka yangu." Hakuona haya hata kidogo.

Na alikuwa na mambo yasiyoingiana. Mwanamke huyu ambaye hakuamini maziwa, mizani ya gengeni wala saa ya msikitini, alikuwa akiwapa watu asiowajua betri za gari waende nazo, bila hata kuuliza jina. Nilimuuliza. Akasema mtu akishatazamwa usoni inatosha, ni vitu ndivyo visivyo na uso. Nikamwambia watu wana uongo kuliko transista. Akanijibu, "Ndiyo, lakini wao wana haya," na akaendelea na kazi yake. Betri mbili hazikurudi kamwe. Sikuwahi kumsikia akizitaja.

Alipenda sana watu wanaojua kupima, wa namna yoyote. Siku moja alikuja mfugaji mmoja kutoka bonde la Usangu, Msukuma mrefu mwenye kofia, na sabufa yake iliyokufa. Mama Fundi alipomaliza kumvunjia transista feki iliyokuwemo na kumwonyesha punje ndani, yule mzee aliinama akatazama, akasema, "Ah! Kumbe ninyi nanyi mnafungua midomo." Akaeleza kwamba yeye hanunui dume bila kumfungua mdomo aone meno, maana mnadani wapo wanaomnywesha ng'ombe mzee maji ya chumvi anene kwa siku moja. Walikaa nusu siku wakisimuliana ulaghai wa mnadani na ulaghai wa transista, wakicheka mpaka wanapangusa macho. Mimi nilikuwa nimesahaulika kabisa na begi langu mapajani. Jina langu lenyewe Mama Fundi hakulitumia kamwe. Aliniita kwa mji wangu.

"Mbeya," aliniambia baada ya mzee kuondoka, "huyo ni fundi."

Sasa nifike kwenye lile ambalo ningependa kuliruka.

Ilikuwa masika, umeme unakatika kila siku, na kila mwenye inveta alikuwa analia. Mama Fundi alikuwa amenipimia pakiti moja ya transista za inveta, zote zikapita, zote zikatiwa doti. Ziliisha ndani ya wiki. Nilikuwa na pakiti ya pili, kutoka kwa muuzaji yuleyule, karatasi ileile, maandishi yaleyale, transista mia moja. Mama Fundi alikuwa amelazwa na malaria. Na wateja wamesimama mlangoni Ilomba wakisema neno lao moja. Nikajiambia: pakiti ni ndugu, moja ikipita na nyingine imepita. Nikavuka barabara hadi duka la vipodozi, nikanunua kichupa cha rangi nyekundu, nikakaa nyuma ya kaunta na kuzitia doti zote mia. Nilijitahidi sana. Nilizitia vizuri.

Nane kati ya hizo zilinunuliwa na mama mmoja wa Mbalizi anayetotolesha vifaranga. Fundi wake alimwambia asichukue nyingine yoyote ila zenye doti.

Alirudi baada ya siku tano. Hakupiga kelele. Aliweka kitambaa juu ya kaunta, akakifungua, ndani kukiwa na transista nane zilizopasuka na yai moja. Akalisukuma yai mbele yangu.

"Lishike," alisema.

Lilikuwa baridi.

"Hii yai ilikuwa na siku kumi na tisa. Bado siku mbili tu mwe, zilikuwa zimeanza kulia humo ndani, ukiweka sikio unasikia. Umeme ukakatika, inveta ikapiga paa! Mashine nzima imekufa. Mayai yote. Mimi nilinunua kwa sababu ya ile doti. Ya yule mama wa Iringa. Nenda kamwambie."

Niliondoka na basi la kesho yake, na njia nzima nilikuwa napanga uongo. Nitasema inveta ilikuwa mbovu. Nitasema fundi wa Mbalizi alikosea kuunga. Mama Fundi alikuwa ameketi mezani, amekonda, ana sweta juu ya khanga. Nilimpa zile nane. Hakuzipima, zilikuwa zimeshakufa. Alizigeuza tu chini ya taa, moja baada ya nyingine, akitazama doti.

"Nani kazipaka hizi?"

"Si wewe, Mama?"

Alifungua kopo lake, akatoa transista zake mwenyewe, akazipanga kando ya zangu. Zake zilikuwa na doti zilizokwenda upande, nyingine zina mkia, nyingine zimemwagikia mguuni, maana mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo siku zote. Zangu zilikuwa za duara, safi, zimekaa katikati.

"Doti zangu hazijawahi kupendeza namna hii," alisema.

Nilitamani sakafu ipasuke. Nilimweleza yote, mpaka duka la vipodozi. Hakunifokea, na ningefurahi kama angenifokea. Alifunga kibanda, akavaa viatu, akaniambia tunakwenda Mbalizi. Mama huyu alikuwa anaogopa basi kuliko kitu chochote. Anatapika kuanzia Ifunda. Alikwenda na ndimu nne mkononi na mfuko wa plastiki, akatapika mpaka Makambako.

Mbalizi alisimama mbele ya ile mashine ya kutotolea, iliyokuwa bado inanuka, akamwambia mwenye mali, "Mwanangu, doti ni yangu. Mimi ndiye niliyekuulia vifaranga. Nimekuja kuomba radhi na kutengeneza."

Yule mama alimtazama yeye, halafu akanitazama mimi. "Siyo wewe, mama," alisema. "Huyu hapa ndo anajua kutazama chini."

Mama Fundi alikaa sakafuni akaitengeneza ile inveta kwa transista nane kutoka kopo lake mwenyewe. Aliipitisha kwenye balbu, balbu ikang'aa kidogo na kufifia, akaridhika. Ndipo aliponigeukia.

"Zilikuwa ngapi?"

"Mia."

"Nazitaka mia."

"Mama, nyingine zimeshauzwa, nyingine huenda ni nzima…"

"Transista inaweza kuwa nzima. Doti ni ya uongo. Nazitaka mia."

Kisha akatoa mkobani kile kichupa chake chekundu, akampa binti mmoja aliyekuwa amesimama pale akishangaa, ili apake kucha. Doti nyekundu ikaishia Mbalizi siku ile. Nikamuuliza mimi nitauza nini sasa. Akasema, "Nunua kipimo chako. Nunua na rangi yako. Ukikosea, kosea kwa rangi yako."

Nilinunua kijani.

Nilizunguka duka kwa duka, fundi kwa fundi, nikirudisha gharama na kumeza matusi. Nilipata tisini na sita, pamoja na zile nane zilizopasuka. Nilimpelekea kwenye mfuko, akazihesabu mezani mara mbili.

"Nne ziko wapi?"

Tangu siku hiyo, miaka sita, kila aliponipigia simu hakuanza na salamu. Alianza na hilo. "Mbeya. Zile nne?" Ya kwanza niliipata kwa yule mzee wa Usangu, ndani ya taa yake ya sola, fundi wake aliinunua kwangu. Alinirudishia huku akinitazama meno, nadhani alikuwa ameshasimuliwa. Ya pili ilikuwa kwenye droo ya fundi wa Uyole, haijatumika. Ya tatu, sikudanganyi, niliiona kwenye funguo za dereva wa bodaboda. Alikuwa ameiokota mahali akapitisha pete kwenye lile tundu la kufungia, ikawa pambo. Nilimfukuza mpaka kwenye taa za barabarani nikipiga kelele, akadhani namwibia pikipiki. Nilimnunulia pambo jingine, nikapiga simu Iringa palepale kando ya barabara nikihema.

"Mama! Ya tatu!"

"Bado moja," alisema, akakata.

Ile moja ilinitesa. Nitakiri jambo jingine. Mwaka wa nne nilichoka. Kile kichupa cha vipodozi nilikuwa bado ninacho, na transista za aina ile zilikuwa zimejaa dukani. Doti moja tu, nipande basi, niseme nimeipata Tunduma, na maneno yaishe. Nilikifungua. Nilichovya brashi. Nikakaa na brashi mkononi, rangi inadondoka kwenye kaunta, nikilikumbuka lile yai lilivyokuwa baridi. Nikakitupa kichupa kwenye shimo la taka nyuma ya duka, na simu ilipokuja nikasema kama kawaida, "Bado, Mama."

Miaka yote hiyo alikuwa akinunua spea kwangu, zenye doti ya kijani. Na kila moja aliipima upya mbele yangu. Alifuta, akabana, akabonyeza, akasoma geti. Hakuwahi kuikuta mbovu, na hakuwahi kuniambia kwamba hajaikuta.

Mwezi uliopita alinipigia, na kwa mara ya kwanza hakuuliza. Alisema anafunga kibanda, anahamia kwa bintiye, pwani, macho yamechoka na baridi ya Iringa imemwingia kwenye magoti. Nije, na nije na transista moja ya amplifaya ya mumewe, yenye namba zilezile za shahidi.

Nilipima transista siku mbili. Nilifuta, nikavunja wenzake nione punje, nikalinganisha namba mpaka nikaota namba. Nikaitia doti ya kijani, nikaifunga kwenye karatasi, nikapanda basi.

"Kamwene, Mama Fundi. Shikamoo."

"Marahaba, Mbeya. Ingia."

Kibanda kilikuwa kitupu, hata madoa ya meza yalionekana yote. Amplifaya ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa kifuniko, kando yake spika na deki ya kaseti. Marehemu alikuwa akienda nayo kwenye harusi za mji mzima. Tangu alipofariki, na shahidi alipotolewa, haikuwahi kutoa sauti. Ndani zilibaki transista tatu za zamani, orijino, ambazo huwezi kuzipata tena popote. Ukiweka ya nne ambayo ni feki, inakwenda nazo zote tatu, na spika juu.

"Si urudishe tu shahidi mwenyewe?" nilimuuliza.

"Shahidi bado yuko kazini." Akanyoosha mkono, nikampa ile karatasi. Hakuifungua. "Ile moja?"

"Bado, Mama."

"Miaka sita?"

"Bado. Nimetafuta mpaka nimechoka. Nadhani imekufa mahali. Lakini siwezi kukuambia nimeipata wakati sijaipata."

Aliinuka, magoti yakilia, akaenda kwenye boksi la mwisho lililokuwa halijafungwa, akatoa kopo la maziwa ya unga. Akanimiminia kitu kimoja kiganjani. Transista ya inveta. Pembeni, juu ya mguu wa kwanza, doti nyekundu, ya duara, safi, imekaa katikati kabisa.

Niliujua mkono wangu.

"Fundi wa Makambako aliniletea mwezi uleule," alisema. "Aliiona doti nzuri mno, akashtuka."

Nilikasirika, nasema ukweli. Miaka sita! Bodaboda nimemfukuza, matusi nimeyala, na ile ya nne imelala kwenye kopo Mlandege! Nilifungua mdomo nimwambie. Yeye alikuwa ananitazama usoni, miwani ameivua.

"Siku yoyote ungeniletea ya nne," alisema, "ningejua umepaka."

Nikaufunga mdomo. Nilikumbuka brashi na rangi ilivyodondoka kwenye kaunta.

Alikuwa ameshageukia meza. Alifungua ile karatasi, akatoa transista yangu yenye doti ya kijani. Kipimo kilikuwa palepale kando ya mkono wake, kwenye kisahani cha sabuni, shahidi amelala juu yake. Akakisukuma pembeni ili apate nafasi. Akashika chuma cha lehemu, akaanza kuichomea transista kwenye amplifaya.

"Mama," nilisema, "hujaipima."

"Sipimi."

"Pima tu, Mama. Huenda nimekosea. Hata asetoni hujafuta."

Aliendelea kuchomea. Mkono ulitetemeka kama kawaida, lehemu ikamwagika kidogo upande, akaipuliza ikapoa. Akaingiza kaseti ya zamani kwenye deki, akaunga waya. Akachukua plagi.

"Balbu," nilisema. "Mama Fundi, balbu! Pitisha kwenye balbu!"

"Balbu nimeshaipaki," alisema, na akachomeka ukutani moja kwa moja.

Nilifumba macho. Nilisubiri mlio na harufu. Nilisikia mvumo mdogo, kisha mkwaruzo wa utepe, halafu kibanda chote kikajaa sauti ya mwanamume ambaye sikuwahi kumwona, nzito, yenye furaha, anajaribu kipaza sauti kwenye harusi ya watu waliokwisha kuzeeka: "Haloo, haloo. Moja, mbili. Haloo, wa nyuma mnanisikia?"

Mama Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya mfuniko wa spika, anasikia inavyotetema. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka.

"Ongeza, Mbeya," alisema. "Wa nyuma hawasikii."